Kufuma Wakati wa Matibabu ya Saratani: Kijitabu kwa Wagonjwa, Ndugu na Wauguzi

Matibabu yana kungoja kwingi

Mgonjwa wa saratani anayepewa dawa ya paclitaxel kila baada ya wiki tatu hukaa na dripu kwa takriban saa tatu. Hizo ni saa za dawa peke yake. Kabla yake kuna kutoa damu, kungoja majibu ya maabara, kumwona daktari, kungoja famasia ichanganye dawa, kisha kuchomwa sindano za kuzuia mzio na kichefuchefu. Aliyefika getini alfajiri anaweza kuondoka jua likizama.

Mwenye kutibiwa kwa mionzi naye ana hesabu yake. Kulala chini ya mashine ni dakika chache tu, lakini hurudiwa Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki tatu, tano, hata saba, na kila siku ina foleni yake na benchi lake.

Kwa wanaotoka mbali, kungoja huendelea hata baada ya kutoka hospitali. Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, hupokea wagonjwa kutoka kila kona ya Tanzania. Hospitali ya Bugando, Mwanza, huhudumia Kanda ya Ziwa. Hospitali ya Kenyatta, Nairobi, hujaa watu wa kaunti za mbali, na Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa Mulago mwaka 1967, hupokea hata wa nchi jirani. Mama aliyeacha shamba Makete au Sengerema hujikuta mjini kwa wiki sita, amefikia kwa ndugu au hosteli, hana jembe, hana jiko lake, hana mjukuu wa kumtuma. Mikono iliyozoea kazi tangu utotoni hubaki mapajani, na kichwa hupata nafasi ya kuwaza yasiyopendeza.

Kijitabu hiki kinahusu uzi na sindano za kufumia, vitu vinavyoenea mkobani na vinavyoweza kuchukua sehemu ya saa hizo. Jambo moja liwekwe wazi mapema: kufuma hakutibu saratani. Hakupunguzi uvimbe, wala hakuchukui nafasi ya upasuaji, mionzi, tibakemikali au dawa za maumivu. Faida yake iko kwenye namna mgonjwa anavyopita katika siku za matibabu, na faida hiyo huonekana pale kazi ya mikono inapopangwa kufuata ratiba ya dawa na hali ya mwili.

Utafiti unasema nini

Mwaka 2013 jarida la Uingereza la tiba kwa vitendo lilichapisha utafiti wa Jill Riley, Betsan Corkhill na Clare Morris, waliokusanya majibu ya wafumaji 3,545 kutoka nchi 31. Wanaofuma zaidi ya mara tatu kwa wiki ndio waliosema kwa wingi zaidi kwamba wakifuma hutulia na kufurahi. Majibu hayo yasomwe kwa kiasi, kwa sababu walioulizwa ni watu ambao tayari wanapenda kufuma. Asiyependa huenda angejibu vingine.

Utafiti mwingine, wa mwaka 2009, ulifanyika hospitalini. Wanawake 38 waliolazwa kwa anoreksia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu aogope kula, walifundishwa kufuma na kupewa vifaa. Asilimia 74 kati yao walisema hofu na mawazo yaliyokuwa yamewashika yalipungua nguvu. Anoreksia si saratani, na idadi hiyo ni ndogo. Hata hivyo, hofu inayomzungukia mtu kitandani kila siku inafahamika pia katika wodi za saratani.

Maelezo ya kitaalamu ya utulivu huo si mageni kwa mtu anayevuta tasbihi au kusali rozari. Herbert Benson, daktari wa Chuo Kikuu cha Harvard aliyetoa kitabu *The Relaxation Response* mwaka 1975, alieleza kwamba kurudiarudia jambo moja dogo, liwe neno, sala au mwendo, huku akili ikirejeshwa pale pale kila inapotangatanga, hushusha mapigo ya moyo na kutuliza pumzi. Kufuma kuna marudio hayo ndani yake: sindano inaingia, uzi unazungushwa, mshono unavutwa, mshono unaachiwa. Mikono yote miwili ina kazi, macho yana pa kutazama, na hesabu ya mishono huchukua nafasi ambayo ingejaa wasiwasi.

Kuna jambo jingine ambalo wagonjwa hulieleza vizuri kuliko watafiti. Hospitalini karibu kila kitu hupangwa na wengine: saa ya dawa, kipimo, kitanda, chakula, hata gauni la kuvaa. Mfumaji anachagua rangi mwenyewe, anaanza mwenyewe, na akiona kazi haipendezi anafumua mwenyewe. Jioni anaweza kuonyesha sentimita kumi ambazo asubuhi hazikuwepo.

Baadhi ya hospitali zimekwishalifanyia kazi wazo hili. Katika eneo la Washington, Marekani, shirika la Project Knitwell, lililoanzishwa mwaka 2010, hupeleka wafundishaji wa kujitolea kwa wagonjwa, ndugu na watumishi wa hospitali. Nairobi, Faraja Cancer Support Trust, iliyoanzishwa mwaka huo huo, hutoa bila malipo ushauri nasaha na huduma nyingine za kumtuliza mgonjwa sambamba na matibabu yake.

Vifaa, na mahali pa kuvipata

Afrika Mashariki haihitaji kufundishwa kazi ya uzi. Vitambaa vya kroshia vimetandikwa kwenye makochi kuanzia Bukoba hadi Kilifi. Wanawake wa Ukambani na nchi ya Wakikuyu husuka kiondo huku wakipiga soga au wakitembea. Pemba husuka ukili, Lamu na Unguja hushona kofia za vito. Mgonjwa anayejua mojawapo ya kazi hizi aanze na hiyo anayoijua. Wiki ya kwanza ya tibakemikali si wakati mzuri wa kuhangaika na ufundi mpya.

Kwa anayechagua kati ya sindano mbili na kroshia, kuna tofauti ambayo wodini ina maana. Dawa za kuzuia mzio zinazotangulia dripu huleta usingizi wa ghafla. Anayefuma kwa sindano mbili akisinzia, mishono arobaini inaweza kuchomoka kwa mpigo mmoja. Kwenye kroshia mshono ulio wazi ni mmoja tu, hivyo kazi ikidondoka sakafuni hupotea kidogo sana, na inaokotwa palepale ilipoishia. Kroshia pia hushikwa kwa mkono mmoja, ingawa mkono wa pili huongoza uzi.

Wasichana wengi wamejifunza kufuma kwa spoku za baiskeli. Spoku zinafaa shule, lakini kwa mgonjwa si chaguo zuri: ncha yake huchoma, chuma chake huteleza na huwa baridi. Sindano za mwanzi au za plastiki, zenye ncha butu na unene wa milimita tano hivi, hushikika vizuri hata vidole vikiwa na ganzi. Fundi seremala anaweza kuchonga jozi kutoka mwanzi mkavu na kuisugua kwa msasa hadi isikwaruze uzi.

Uzi uwe wa pamba au wa akriliki laini. Sufu huwasha, hasa ngozi iliyopigwa mionzi au kichwa kilichonyonyoka nywele. Rangi nyepesi ni bora kuliko nyeusi au bluu ya giza, kwa kuwa mishono ya rangi nyeusi haionekani chini ya taa hafifu. Bei ya uzi mpya ikiwa kikwazo, sweta la mtumba hufumuliwa likatoa uzi wa kutosha kofia mbili au tatu. Mshono wa ubavuni hukatwa kwanza, kisha uzi huvutwa kuanzia juu na kuzungushwa kwenye mgongo wa kiti. Baada ya hapo hufuliwa kwa maji ya moto na sabuni na kuanikwa juani hadi ukauke kabisa. Uzi mpya nao ufuliwe. Harufu ya rangi ya dukani, ambayo mtu mzima haihisi, inaweza kumtapisha aliyetoka kwenye dripu.

Kazi ya kwanza iwe mraba: mishono ishirini, kila mstari ufumwe vilevile hadi urefu ulingane na upana. Miraba ya watu wengi huunganishwa ikawa blanketi, na hakuna anayelazimika kumaliza peke yake.

Kufuma kwa kufuata mzunguko wa dawa

Dawa nyingi hutolewa kwa mizunguko ya wiki tatu, na mwili haufanani katika wiki hizo.

Siku ya dripu na siku tatu au nne zinazofuata ni za uchovu na kichefuchefu. Uchovu wa saratani hauishi kwa usingizi wa usiku mmoja, na ndilo lalamiko la kawaida kuliko mengine yote. Hapa mgonjwa afume kazi isiyo na hesabu, dakika kumi kumi, au asifume kabisa. Kuinamia sindano ndani ya daladala au matatu wakati tumbo linachafuka ni kujitafutia kutapika.

Kati ya siku ya saba na ya kumi na nne, chembe nyeupe za damu huwa chini kabisa. Kinga imeshuka, na mchubuko mdogo unaweza kuingiza vijidudu. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kushika uzi, kazi iwekwe kwenye mfuko safi unaofungwa, na sindano zisiazimanwe. Mgonjwa akae mbali na kikundi chenye mtu anayekohoa, hata kama mtu huyo ni shoga yake wa karibu.

Wiki ya tatu nguvu hurudi kwa wengi. Ndiyo wiki ya sehemu ngumu: kupunguza mishono, kuunganisha vipande, kujaribu fundo jipya. Mgonjwa aliyepanga hivyo haoni kwamba kazi imemshinda anapoishindwa siku ya tatu, kwa sababu tangu mwanzo siku ya tatu haikuwa ya kazi hiyo.

Kuna ushauri mmoja ambao wengi hawaupati mapema. Ubongo huunganisha harufu, rangi na vitu vya chumba cha dripu na kichefuchefu kilichofuata, na baadhi ya wagonjwa huanza kusikia kutapika wakiona tu geti la hospitali. Uzi nao unaweza kuingia katika mkumbo huo. Kwa hiyo ni vyema kuwa na kazi mbili: moja ya hospitali, nyingine ya nyumbani, za rangi tofauti na katika mifuko tofauti. Ile ya hospitali ikianza kuchukiza, ya nyumbani hubaki salama. Mtu asijilazimishe kuimaliza ya kwanza. Ampe mwingine.

Wengine husahau. Tibakemikali huweza kupunguza kumbukumbu na umakini kwa miezi kadhaa, na mtu aliyekuwa akifuma maua bila kutazama akapotea katikati ya mstari. Hilo linatokana na dawa, si uzee wala ujinga. Kalamu na kijidaftari cha kuchora mstari mmoja kila msururu unapokamilika vinatosha.

Tahadhari za mikono

Kanula, mrija mdogo wa dripu unaoingizwa mshipani, ikiwekwa kwenye mkunjo wa kiwiko au kifundo cha mkono, kufuma hakuwezekani na hakufai. Kabla ya kuchomwa, mgonjwa anaweza kumwambia muuguzi, “Sista, kama mshipa unapatikana, naomba uweke kwenye mkono wa kushoto, mbali na kiungo.” Muuguzi ndiye anayeamua, kwani kuna mikono isiyochomwa, kama ule wa upande uliofanyiwa upasuaji wa titi.

Dawa nyekundu, doxorubicin, ina sharti lake. Ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama na kuleta kidonda kibaya. Wakati inaingia, mkono utulie kabisa na sindano zibaki mkobani. Ukihisi moto, maumivu au uvimbe pale ilipo kanula, mwite muuguzi hapo hapo, usingoje dripu iishe.

Aliyeondolewa tezi za kwapani yuko katika hatari ya kuvimba mkono, pengine miaka kadhaa baada ya upasuaji. Kufuma hakukatazwi, ila kila baada ya dakika kumi na tano au ishirini kazi iwekwe chini, mkono unyooshwe na kuinuliwa, vidole vikunjwe na kukunjuliwa. Mto uwekwe mapajani ili viwiko vipumzike. Blanketi zito lisilowekwa kwenye meza au mto huvuta bega siku nzima, kwa hiyo blanketi lifumwe kwa vipande vidogo.

Paclitaxel, vincristine, cisplatin na oxaliplatin zinaweza kuacha ganzi au hisia ya kuchomwachomwa vidoleni. Oxaliplatin ina la ziada: kwa siku kadhaa baada ya dozi, kugusa kitu cha baridi huleta maumivu makali. Anayeitumia aache sindano za chuma, achukue za mwanzi. Capecitabine, ya vidonge, inaweza kufanya viganja viwe vyekundu, vikauke na kuchanika, na msuguano huongeza madhara. Viganja vikianza kuwaka, kufuma kusimame hadi daktari aone.

Mionzi ya mashine ya nje haimfanyi mgonjwa wala uzi wake kuwa na mionzi. Mjukuu anaweza kuvaa soksi zilizofumwa na bibi anayetibiwa bila hofu yoyote. Kwa kipimo cha MRI, sindano za chuma na mikasi vibaki nje ya chumba.

Anayetumia tibakemikali aache kila kitu na kwenda hospitali haraka, hata iwe usiku, akiona mojawapo ya haya:

- homa ya nyuzi joto 38 au zaidi, au kutetemeka kwa baridi;
- damu isiyokoma, au madoadoa mekundu yasiyo na sababu kwenye ngozi;
- kushindwa kupumua, au maumivu ya kifua;
- kutapika au kuharisha kusikokoma, asiweze hata kunywa maji;
- kidole kilichochomwa na sindano kikianza kuvimba, kuwa chekundu au kutoa usaha.

Kofia ya kichwa kilichonyonyoka

Kwa dawa nyingi zinazonyonyoa nywele, kunyonyoka huanza wiki mbili au tatu baada ya dozi ya kwanza. Kichwa huuma kikiguswa, hupata baridi usiku na huungua juani. Kitenge na kilemba vinasaidia mchana, lakini usiku huteleza. Kofia laini ya kufumwa hukaa, na mtu anaweza kuianza kabla nywele hazijanyonyoka ili ikihitajika iwe tayari.

Kofia ifuatayo ni ya mtu mzima, ya sindano mbili za milimita tano na takriban gramu mia moja za uzi wa unene wa kati. Hutumia mshono mmoja tu wa kawaida mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo hata anayejifunza ataiweza.

1. Anzisha mishono 80, bila kukaza. Ukingo uliokazwa huacha alama kwenye paji la uso.
2. Fuma kila mstari kwa mshono wa kawaida hadi kipande kifike urefu wa sentimita 16.
3. Anza kupunguza: fuma mishono minane, kisha fuma miwili kwa pamoja, rudia hadi mwisho wa mstari. Mishono inabaki 72.
4. Fuma mstari mmoja bila kupunguza.
5. Endelea hivyo, ukipunguza mstari mmoja na kuacha mmoja. Safari hii mishono saba kisha miwili kwa pamoja, kisha sita na miwili, tano na miwili, hadi ibaki mishono minane sindanoni.
6. Kata uzi ukiacha urefu wa mkono mmoja. Upitishe kwa sindano butu ya kushonea ndani ya mishono yote minane, vuta, kaza.
7. Shona ubavu kwa uzi huohuo, kisha geuza mshono uwe nje.

Hatua ya saba ndiyo wafumaji wazoefu huipuuza. Kofia ya kawaida huficha mshono ndani, lakini kwa kichwa kisicho na nywele uvimbe huo wa uzi hulaliwa usiku kucha. Kwa kuwa mshono wa kawaida hufanana pande zote mbili, kuugeuza nje hakuharibu sura. Fundo la utosini nalo lifungwe nje. Kofia ifuliwe kabla ya kuvaliwa, hasa ikiwa ni zawadi.

Titi la uzi

Baada ya titi kuondolewa, wanawake wengi hutaka kitu cha kujaza sidiria. Titi bandia la silikoni ni zito, huleta jasho kwenye joto, na bei yake huwashinda walio wengi. Mwaka 2011, Barbara Demorest wa jimbo la Washington, Marekani, ambaye mwenyewe aliondolewa titi, alianzisha Knitted Knockers, mtandao wa wafumaji wanaotengeneza matiti ya uzi wa pamba na kuyatoa bure.

Kenya imekuja na njia yake. Mjini Thika, wanawake waliopitia saratani ya titi wanafuma matiti ya uzi na kuyauza kwa bei iliyo chini sana kuliko ya titi la silikoni. Wanafundishana kazi hiyo wakiwa kikundi, na mapato kidogo yanayopatikana yana maana kwa mtu ambaye akiba yote imeishia hospitalini.

Titi la uzi ni mfuko wa duara unaofumwa kwa uzi laini wa pamba na kujazwa nyuzinyuzi za mito. Pamba ya hospitali haifai, maana ikilowa huganda mabonge. Nyuma huachwa tundu dogo la kuvutwa kwa uzi, ili mvaaji aongeze au apunguze ujazo mpaka lilingane na upande wa pili. Wepesi wake ni raha kwenye kovu, lakini hulifanya lipande juu mchana kutwa. Dawa yake ni kushona mfuko wa kitambaa ndani ya sidiria na kulitia humo. Hufuliwa kwa mkono, huanikwa, na ni vyema kuwa na mawili ya kubadilisha. Lisivaliwe mpaka daktari aseme kidonda kimepona.

Wanaume, watoto na wanaouguza

Saratani ya tezi dume inaongoza kwa wanaume wa Tanzania na Kenya, lakini mfuko wa uzi ukipitishwa wodini mara nyingi huruka vitanda vyao. Si lazima iwe hivyo. Kwenye kisiwa cha Taquile, katika ziwa Titicaca nchini Peru, kufuma ni kazi ya wanaume tangu wakiwa wavulana, na UNESCO iliitambua sanaa ya nguo ya kisiwa hicho mwaka 2005. Pwani yetu, wanaume hushona kofia barazani bila kuonewa ajabu. Mzee asiyetaka sindano za kufumia anaweza kupewa nyavu, kamba au ukili. Linalotakiwa ni mikono ipate marudio yake.

Kwa watoto, muda ni mrefu zaidi. Matibabu ya saratani ya damu aina ya kawaida zaidi utotoni huchukua takriban miaka miwili hadi mitatu. Mtoto wa miaka sita anaweza kufuma kwa vidole vyake bila sindano yoyote: uzi mnene huzungushwa vidoleni, kitanzi cha chini huvutwa juu ya cha pili, na mkufu mrefu hutokea. Asiachwe peke yake na uzi, na usiku mfuko utolewe kitandani, kwa sababu uzi mrefu unaweza kumnyonga.

Anayeuguza naye ana benchi lake. Mume aliyeomba ruhusa kazini, dada aliyemleta dada yake kutoka kijijini, hawa hungoja saa zile zile na hawaulizwi hali zao. Wauguzi wa saratani nao huchoka kwa kuona maumivu kila siku. Mwaka 2016 jarida la wauguzi wa saratani la Marekani lilichapisha makala kuhusu wauguzi waliofundishwa kufuma ili kupunguza uchovu huo.

Kuanzisha kikundi

Kikundi cha kufuma hakihitaji ofisi. Kinahitaji ruhusa ya muuguzi mkuu wa kliniki, siku moja ya wiki inayojulikana, benchi lenye mwanga, mahali pa kunawa mikono, na mtu mmoja anayejua kufuma na anayejua kunyamaza. Mfundishaji anayemwuliza kila mgonjwa ana saratani gani na amefikia hatua ipi atabaki na viti vitupu wiki ya pili.

Kila mgonjwa apewe sindano zake na uzi wake, aondoke navyo. Kazi iliyotolewa na mtu mwingine ifuliwe kabla ya kugawiwa. Asitokee mtu kuuza dawa za mitishamba au kuahidi uponyaji katikati ya kikundi, kwani wagonjwa wengi wamechelewa matibabu kwa ahadi za namna hiyo. Mgonjwa asiyependa kufuma aachwe akae tu. Wapo wanaopendelea redio, kitabu, sala au bao, na hao hawajakosea.

Yule anayekosa usingizi wiki hadi wiki, anayelia kila siku, au anayesema hataki kuishi, uzi hautoshi kwake. Aelekezwe siku hiyo hiyo kwa daktari, mshauri nasaha au huduma ya tiba shufaa. Vivyo hivyo kwa maumivu: mgonjwa anayefuma ili asahau maumivu makali anahitaji kwanza dawa ya maumivu, na ana haki ya kuiomba.

Maswali ya kumwuliza muuguzi

Kabla ya dozi ijayo, chukua mfuko wako wa uzi uende nao kliniki, na uulize haya matano. Dawa yangu inaleta ganzi au kuchubua viganja? Kanula inaweza kuwekwa mkono upi? Ni dawa ipi inayotaka mkono utulie? Siku zipi kinga yangu itakuwa chini? Na nikipata homa usiku, nipige simu namba gani? Andika majibu nyuma ya kadi yako ya kliniki, mwonyeshe na anayekuuguza. Ukishayapata, anza na mishono ishirini.